Sura Moja kwa Siku ya Kazi: Mwongozo kwa Kijana Mkristo Anayeanza Kazi Tanga

Kila baada ya mahafali ya vyuo maswali huja yale yale. Dada, nimepata kazi Tanga, nisome Biblia saa ngapi? Dada, nimeambiwa mshahara wa kwanza wote ni wa Mungu, ni kweli? Dada, zamu yangu imeangukia Jumapili, nifanyeje? Nimeyajibu kwenye ngazi za kanisa, nimeyajibu kwenye daladala ya Pongwe nikiwa nimesimama, na siku moja nilimjibu kijana kwenye foleni ya benki mpaka namba yangu ikapita. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Theolojia sitafundisha. Mchungaji wako yupo, padri yupo, katekista yupo. Mimi nimefanya kazi stoo, kisha manunuzi, na ninachokijua ni namna wiki ya kazi inavyoweza kummeza mtu aliyekuwa mwenyekiti wa fellowship chuoni, akaja kushtuka Desemba Biblia iko chini ya begi na imeota ukungu. Karibu wote niliowaona wakimezwa walikosea jambo moja: walipanga maisha yao ya imani kwa kufuata siku nzuri. Wewe panga kwa kufuata siku mbaya. Kinachowezekana siku ambayo umetoka kazini saa mbili usiku, umeme umekatika na mafuta ya taa huna, ndicho kitakachodumu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Biblia ya karatasi, hata iwe ndogo. Wengi wetu tunatumia Union Version. Hutolewa na Chama cha Biblia cha Tanzania. Kama wewe ni Mkatoliki, hakikisha unayonunua ina vitabu 73, kwa sababu nyingi zinazouzwa madukani zina 66.
- Penseli. Kalamu ya wino inapenya ile karatasi nyembamba na kuchafua ukurasa wa pili.
- Daftari dogo la kurasa 40.
- Ratiba yako ya zamu, ya mwezi mzima kama inapatikana.
- Salari slipu. Kama ofisi yako haitoi, iombe.
- Barua ya utambulisho kutoka kanisa lako la nyumbani. Wengi huiacha, halafu wanaihitaji siku ya kutangaza ndoa.
- Bahasha tatu za kawaida.
- Taa ya kuchaji.

Hatua ya 1: Ijue siku yako mbaya

Wiki ya kwanza usijiwekee ratiba yoyote ya kusoma. Kila usiku andika mistari miwili tu kwenye daftari: umeamka saa ngapi, umefika nyumbani saa ngapi, na ni wakati gani ulikaa bure bila mtu kukuhitaji. Siku ya saba utaiona siku moja iliyo mbaya kuliko zote. Kwa mtu wa benki mara nyingi ni mwisho wa mwezi. Kwa nesi ni ile siku anayotoka zamu ya usiku. Kwa mimi wa stoo ilikuwa Ijumaa, siku ya kuhesabu mali.

Sasa tafuta dakika kumi ndani ya siku hiyo. Zimo. Hizo ndizo dakika zako za kila siku, hata katika zile siku unazoweza kupata saa nzima.

Hatua ya 2: Funga usomaji kwenye kitu kilichopo tayari

"Nitasoma nikipata nafasi" maana yake hutasoma. Ufunge usomaji kwenye jambo ambalo hutokea kila siku, utake usitake.

Ukipanga Ngamiani au Makorora, alamu huna haja nayo. Adhana ya alfajiri itakuamsha, na mlango wa jirani utausikia ukifunguliwa anapotoka kwenda msikitini. Miaka yangu miwili ya kwanza hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu: yeye anatoka kuswali, mimi nawasha taa na kufungua Biblia. Hatukuwahi kuzungumzia jambo hilo, ila siku moja niliyochelewa kuwasha taa aliniuliza asubuhi kama naumwa.

Wengine hufunga kwenye chai: maji yanachemka, sura inasomwa. Wengine hufika kazini robo saa mapema na kusoma kwenye benchi la mlinzi. Kwenye daladala kwa kweli ni shida, mtaani kwetu tunabanana mpaka mkono hauna pa kwenda. Na kama unaenda kazini kwa baiskeli kama nusu ya mji huu, basi hesabu safari kuwa muda wa kusali na macho yakiwa wazi.

*Angalizo:* Biblia ya simu ni nzuri, nami ninayo. Ila mtu anaifungua ili asome Marko, anakuta ujumbe wa kundi la ofisi, na baada ya dakika 20 bado anasoma mabishano ya nani alikula hela ya chakula cha sherehe. Ukilazimika kutumia simu, pakua maandiko yote kwanza, kisha zima data kabla ya kufungua. Sauti ya Biblia kwenye simu inafaa sana wakati wa kufua.

Hatua ya 3: Chagua kipande kinacholingana na wiki ya kazi

Hapa ndipo watu wengi huvunjika. Wanaanza Mwanzo sura ya 1 tarehe 1 Januari, wakitaka kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Hata ukisoma tatu kila siku bila kukosa, Sikukuu na ugonjwa zikiwemo, mwisho wa mwaka utakuwa umebakiwa na 94. Mwanzo na nusu ya kwanza ya Kutoka zinakwenda kama hadithi. Halafu yanakuja mapazia ya hema na vipimo vyake, halafu Mambo ya Walawi, na Machi unamkuta kijana ameacha na anajiona mwenye dhambi.

Hesabu ninayoipenda ni hii. Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una wiki 52, na siku tano za kazi mara 52 ni 260. Sura moja kwa siku ya kazi, unamaliza Agano Jipya kwa mwaka, na Jumamosi na Jumapili zinabaki za kufidia uliyoruka. Sijui kama kuna aliyeipanga ilingane hivyo, lakini mimi niliipokea kama zawadi.

Mpangilio:

1. Anza na Marko, sura 16. Ni Injili fupi kuliko zote na mambo yake yanakwenda mbio.
2. Fuata Matendo ya Mitume, sura 28.
3. Kisha Yakobo, sura 5. Hapo umeshafika sura 49, karibu wiki kumi, na mazoea yameshika.
4. Baada ya hapo nenda Luka, halafu nyaraka fupi, halafu zilizobaki kwa mpangilio unaoupenda. Ufunuo uuache mwishoni na uusome pamoja na mtu.
5. Siku ukiwa na nguvu ya ziada, ongeza Mithali. Zina sura 31, hivyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Ukikosa tarehe 9, usirudi. Kesho ni 10.

*Angalizo:* sura hazilingani. Luka sura ya 1 ina mistari 80. Ukikutana nayo siku yako mbaya, ikate mara mbili bila kujilaumu.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti, na weka alama kwenye neno usilolijua

Hatua hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu vijana waliosoma huidharau kuliko zote. Wanajua Kiswahili, basi wanadhani wanaielewa Union Version.

Siku ya kwanza tu, Marko 1, utamkuta Simoni na nduguye "wakitupa jarife baharini". Jarife ni nini? Mimi nilisoma "wavu" kichwani nikapita. Miaka mitatu baadaye niko Deep Sea kununua samaki, nikamsikia mzee mmoja akilalamikia bei ya jarife. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba ni wavu mkubwa, wa samaki wakubwa kama papa, tena akataka kujua kwa nini namuuliza. Nilipomweleza akacheka, akasema watu wawili wakitupa jarife basi walikuwa na kazi. Sikuingia kwenye mjadala wa Kigiriki. Ila tangu siku ile wale wavuvi wa Galilaya wana mikono yenye sugu.

Siku ya nne, Marko 4, utaulizwa kama taa huletwa ili iwekwe chini ya pishi. Nimefundisha darasa la vijana ambapo watatu kati ya kumi walidhani pishi ni jikoni, na mmoja alisema ni mpishi. Mwenye nyumba wangu, bibi wa Kiislamu ambaye hajawahi kufungua Biblia, alinifundisha kwa sentensi moja. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, anapima mchele wa zaka ya fitri, akaniambia, "Mwanangu, nishikie hiki, kila kichwa pishi moja." Pishi ni kipimo cha nafaka, vibaba vinne. Na chombo cha kupimia kiasi hicho, ukikifunika juu ya taa ndogo, mwanga wote umekwisha. Kiango, ambako taa inatakiwa kukaa, ni kile cha kuiwekea taa juu ili imulike nyumba nzima.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Soma sura kwa sauti ya chini. Sura ya kawaida huchukua dakika tano hadi nane.
2. Neno usilolijua lipigie mstari kwa penseli. Usisimame kulitafuta.
3. Mwisho andika kwenye daftari tarehe, sura, neno hilo, na sentensi moja tu ya kile ulichokiona. Sentensi moja. Ukiandika ukurasa leo, kesho utaona kazi ni kubwa na utaacha.
4. Mwisho wa wiki muulize mtu mzima maneno yako. Union Version ilitoka mwaka 1952 kwa kuunganisha Kiswahili cha tafsiri ya Unguja na cha tafsiri ya Mombasa, na Tanga imekaa katikati ya miji hiyo miwili. Wazee wa hapa, awe Mkristo au Mwislamu, wana maneno hayo mdomoni. Kamusi inayotembea iko barazani inakunywa kahawa.

Usishangae pia kuona "ye yote" na "cho chote" vimeachana kwenye chapa za zamani. Ni tahajia ya wakati ule.

Hatua ya 5: Andaa sentensi yako ya kukataa "cha juu"

Imani yako kazini haitajaribiwa na mtu anayekuuliza kama unamwamini Yesu. Itajaribiwa na muuza vipuri aliyeshika kitabu cha risiti na kalamu, anayekuuliza kwa upole, "Dada, niandike ngapi?"

Ukilisikia swali hilo kwa mara ya kwanza hutaelewa. Bei mmekubaliana 80,000, sasa anauliza nini? Anauliza unataka risiti isome 95,000 au laki, ili kinachozidi kiwe chako; hicho ndicho "cha juu". Hana ubaya na wewe. Amewauliza wote waliokutangulia, na wengi walijibu.

Akili haifanyi kazi vizuri wakati huo, kwa hiyo jibu lako litunge leo, ulifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya kioo kama mtu wa maigizo. Langu ni: "Andika uliyoniuzia, kaka." Basi. Bila mahubiri, bila kusema umeokoka, bila kumkunjia uso. Ukimhubiria utamfanya adui na kesho utahitaji bolti.

Mambo mengine yanayosaidia:

- Omba risiti ya mashine ya EFD papo hapo, kabla hujalipokea boksi. Ikishatoka, mjadala umekwisha.
- Chukua profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kutoka maduka matatu hata kama bosi ameomba moja.
- Ukipewa "ya soda", jiulize kama ungeipokea bosi wako akiwa amesimama hapo. Soda yenyewe, chupa, kwenye joto la Februari, mimi nakunywa. Noti iliyokunjwa ni kitu kingine.

Niliwahi kuteleza. Mwaka wangu wa pili muuzaji mmoja alinipa 20,000 "ya nauli" na mvua ilikuwa kubwa, nikapanda bajaji. Mwezi uliofuata akaleta mzigo pungufu, mifuko sita haipo. Nilifungua mdomo kumwambia, sauti haikutoka. Alinitazama tu. Nilirudisha ile hela na mifuko nikaieleza ofisini mwenyewe, na siku ile nilipewa onyo la maandishi.

Kwa anayetaka andiko la hatua hii, lisome Luka 3, pale watoza ushuru na askari wanapomuuliza Yohana wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Majibu yake yote mawili yanahusu pesa za ofisini.

Hatua ya 6: Gawa mshahara siku ile ile unapoingia

Chukua salari slipu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 500,000 na huna posho, kwa viwango vya sasa na mwajiri anayechangia NSSF:

- NSSF asilimia 10: 50,000
- Kodi ya PAYE: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000 baada ya kutoa NSSF, yaani 14,400
- Bodi ya Mikopo, kama ulikopa chuoni, asilimia 15: 75,000

Mkononi unabaki na 360,600. Wengi hawajawahi kuifanya hesabu hii, wanapanga maisha ya laki tano, na tarehe 15 wanakopa.

Sasa lile swali: fungu la kumi litoke kwenye 500,000 au kwenye 360,600? Ni 50,000 au 36,060, tofauti ya 13,940. Nimeona watu wakibishana saa mbili kwa tofauti hiyo, na mmoja wao alikuwa hajatoa chochote tangu Pasaka. Fuata mafundisho ya kanisa lako. Kama kanisa lako limekuachia uamuzi, chagua moja, andika kwenye daftari, usifungue tena mjadala kwa mwaka mzima.

Siku mshahara unapoingia, toa fedha taslimu na ujaze bahasha tatu: kanisa, nyumbani kwa wazazi, na michango. Kodi ya nyumba na chakula vibaki kwenye akaunti.

Bahasha ya michango ndiyo itakayokuokoa. Ukianza kazi tu, jina lako litaingizwa kwenye makundi ya harusi, send-off na kitchen party za watu uliosoma nao darasa la tano. Weka kiasi cha mwezi. Kikiisha, jibu: "Mwezi huu nimeshajifunga, Mungu awabariki sana." Msiba ni jambo jingine. Msiba hausubiri mwezi ujao, kwa hiyo kila mwezi acha kitu kwenye bahasha hata kama hakuna aliyefariki.

*Angalizo kuhusu malimbuko:* wapo watakaokuambia mshahara wa kwanza wote uende madhabahuni. Sitakuzuia kumtolea Mungu. Ila jiulize mwezi huo utakula nini, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo utamlipa kwa hela gani. Kama jibu ni mkopo wa kausha damu, basi ulichokitoa ni hela ya mkopeshaji, na utailipa kwa riba. Wakorintho wa Pili 8:12 inasema utoaji hupimwa kwa alichonacho mtu. Isome mwenyewe, kisha ukae na mchungaji wako, siyo na mhubiri wa mtandaoni asiyejua hata unakaa mtaa gani.

Hatua ya 7: Jitambulishe kanisani, kisha tulia

Jumapili ya kwanza au ya pili, peleka ile barua. Uliza jumuiya ya mtaa wako inakutana siku gani na kwa nani; hiyo ndiyo itakayokuja kukuona ukilazwa Bombo, kwa sababu usharika mzima hautajua kama upo.

Usikubali cheo chochote kwa miezi mitatu. Wakisikia umesoma uhasibu watakupa uhazini, wakisikia unaimba watakupa kwaya, na kwaya ina mazoezi mara tatu kwa wiki. Kijana mmoja niliyemfahamu aliipokea kamati, kwaya na shule ya Jumapili kwa mwezi mmoja. Kufikia Agosti alikuwa anasali nyumbani, amechoka na kanisa.

Hatua ya 8: Ishi uani kama mtu wa uani

Ukipanga chumba Tanga, uwezekano ni mkubwa kwamba bomba, kamba ya nguo na pengine jiko unatumia pamoja na majirani Waislamu. Machache:

- Salamu kwanza. Shikamoo kwa bibi kabla hujagusa ndoo.
- Spika ya nyimbo za injili saa kumi na moja alfajiri si ushuhuda, ni kelele.
- Ramadhani, mchana, kula chumbani. Ukialikwa futari, nenda.
- Ukiletewa sahani ya futari, isirudi tupu. Krismasi nayo wanaitarajia pilau yako.
- Kitimoto usiipikie kwenye jiko la wote wala kwenye sufuria ya kuazima. Nenda ukaile inakouzwa.

Ukikwama

*Nimeruka wiki tatu.* Usifidie. Fungua sura ya leo, kana kwamba hizo zilizopita umezisoma. Deni la sura 15 ndilo linalowafanya watu waache kabisa.

*Nasinzia.* Soma ukiwa umesimama, kwa sauti. Ukiendelea kusinzia, muda uliouchagua ni mbaya. Rudi Hatua ya 1. Na kama umetoka zamu ya usiku, lala. Soma ukiamka.

*Zamu yangu ni Jumapili.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, lakini siku yenyewe ni ya kupangwa na mwajiri. Kwa hiyo zungumza mapema, kabla ratiba haijabandikwa, na uwe na kitu cha kutoa: "Nitashika zamu za Idd zote, naomba Jumapili mbili kwa mwezi." Wenzako Waislamu watafurahi kuliko wewe. Wasabato hufanya hivyo hivyo kwa Jumamosi. Ukikosa, uliza kama kanisa lako lina ibada ya mapema au ya katikati ya wiki.

*Nasoma lakini sisikii chochote moyoni.* Kuna sura ambazo kwangu pia ni kimya. Andika tu neno gumu la siku hiyo na ufunge. Jarife nililisoma miaka mitatu likiwa kimya.

*Ofisini wananiita "mlokole" kwa kejeli tangu nilipokataa cha juu.* Hupungua baada ya miezi miwili mitatu, hasa wakiona husemi ya wenzako kwa bosi. Kama kinachoombwa ni rushwa kubwa na unatishwa, usibaki nacho peke yako: andika tarehe na maneno yaliyosemwa, mweleze mtu unayemwamini, na ujue TAKUKURU wana ofisi mkoani.

*Ninayekaa naye chumba kimoja hasomi na anawasha TV.* Usimlazimishe. Tumia benchi la mlinzi, au siku za kazi zenye mapumziko marefu nenda Maktaba ya Mkoa mjini. Pana utulivu na feni.

*Biblia imeloa kwenye mvua ya masika.* Usiianike juani, gamba litajikunja na gundi itaachia. Isimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, na uweke karatasi ya chooni kila baada ya kurasa 20 hivi, ukibadilisha zikilowa. Zilizogandamana usizivute zikiwa mbichi. Ikikauka, ilaze chini ya mfuko wa mchele usiku mbili, na siku hizo soma ya kwenye simu, data ikiwa imezimwa.